Usipande Ndege Kabla Sijauona Mkataba

Saumu mwanangu,

Unisamehe kwa kukuandikia leo, siku ambayo sanduku lako limekwisha kufungwa kamba. Nilipaswa kukuandikia tangu Bi Rukia alipoingia kwetu mara ya kwanza na bakuli lake la halua. Kila siku nilisema kesho. Nikirudi kutoka dobi ya hoteli vidole vimevimba kwa joto na sabuni, na siku ya mapumziko nalala kama gogo. Lakini uchovu ni nusu ya udhuru tu. Nusu ya pili ni kwamba nilihofu utadhani nakufungia riziki, au naona kijicho, au nataka ubaki uniuguze uzee ambao bado haujanifika. Watu wa Ukunda wakituona sokoni huuliza nani mkubwa kati yetu. Nilikuzaa mwenyewe sijamaliza kukua. Tumekua pamoja, isipokuwa ile miaka niliyokuwa Saudia, na hiyo ndiyo nataka kukuhadithia, maana sijawahi kukuhadithia sawasawa.

Sasa ni alasiri. Umekwenda Msambweni kumuaga bibi yako, na najua hatakuachilia upesi. Sitakuandikia habari za nguo nzito za kwenye ndege, wala dawa ya kichwa, wala kuswali safarini. Hayo bibi atakumwagia yote, na utakayoyasahau atayarudia kwa simu. Mimi nakuandikia lile ambalo ningependa mtu angeniandikia mimi.

Na ujue pia kwa nini kesho hunioni pale uwanja wa ndege. Nilimwomba msimamizi ruhusa ya asubuhi moja. Akanijibu kwa upole, hakunigombeza: "Mama Saumu, kuondoka kwa mwanao ni jambo kubwa, nakuelewa. Lakini wiki hii ndiyo majina ya msimu unaokuja yanaandikwa." Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Mimi nimefua mashuka ya hoteli ile mpaka naijua kila alama ya chai, na bado mimi ni mtu wa mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, unakaa nyumbani kidogo, kisha unaitwa tena kama mgeni. Sheria ya nchi inasema mtu akifanya kibarua mfululizo hafai kubaki kibarua milele. Basi ule mfululizo ndio unaokatwa. Kevo, yule kijana wa bara tunayekunja naye taulo, aliniuliza siku yake ya kwanza kwa nini tunapewa mapumziko yasiyoombwa. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaketi juu ya mashuka. "Kumbe mathee, tunapumzishwa ndio tusizoeane na kazi!" Nikamwambia, "La, baba. Tunapumzishwa ili kazi isituzoee sisi."

Kwa hiyo usidhani nakwambia hapa kwetu ni peponi na kule ni motoni. Uliponijia juu Ijumaa iliyopita, ukasema, "Mama, nikae nifanye nini? Nije nifue na wewe, tuwe wawili tunaongoja kuitwa?" nilijua una haki. Una cheti cha kutunza vyumba. Umezunguka hoteli zote za Diani, kutoka upande wa Tiwi hadi mwisho wa lami, na kila mahali wamekwambia uache namba. Sikuzuii kwenda. Ninachokizuia ni kwenda kama nilivyokwenda mimi.

Turudi kwanza kwa Bi Rukia, siku ile ya halua. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yako, aliyekuwa amekuja kututembelea, kwa kuinama. "Shikamoo mama." Bibi akayeyuka. "Marahaba mwanangu, karibu kitako." Halua ikafunuliwa, mimi nikaenda jikoni kupika kahawa. Nilipotoka tayari amekwisha kusema kwamba mama yake na marehemu babu yako walikuwa watu wa mtaa mmoja. Tena akasema, "Huyu Saumu ni mwanangu. Nampeleka Katari kwa watu wangu mwenyewe. Hoteli kubwa, kazi ni kutandika vitanda tu." Mimi nikauliza, "Na mkataba wake uko wapi?" Bibi yako akanikata jicho ambalo naliona mpaka leo. Bi Rukia akacheka, akaniweka mkono gotini. "Mama Saumu, kwani nimekuja kukuuzia mbuzi? Mkataba utakuja. Wasichana watapewa uwanja wa ndege pamoja na viza zao."

Nami nikammiminia kahawa nyingine.

Nimejilaumu sana kwa kahawa ile. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi: mtu akija na kitu mkononi haulizwi karatasi. Mtu wa kwetu atakuuliza ukoo, atakuuliza msikiti unaoswalia, atakuuliza nani alimzika babu yako, na akiridhika na hayo ataweka dole gumba popote utakapomwonyesha. Wanaokusanya watu wa kazi wanalijua hilo kutuzidi. Sisemi Bi Rukia ni mwovu. Simjui. Hilo ndilo tatizo langu: simjui, na bado nimemlisha nyumbani kwangu mara nne, na kila nikiuliza jambo la karatasi naletewa jambo la ukoo.

Sasa nisikilize ya kwangu.

Nilipokwenda mimi, ofisi ilikuwa Mombasa, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa wasichana wengi, wengine kutoka Kinango na vijiji vya ndani, ambako mwaka ule mahindi yalikauka yangali machanga na ng'ombe waliuzwa kwa bei ya mbuzi. Wengi wao hawakuwa Waislamu. Karani akatoa rundo la mikataba, kila mmoja umeandikwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, lakini huo upande wa Kiingereza ulikuwa mfupi, kama mtu aliyechoka kusema. Akauliza, kwa mzaha naona, "Nani hapa anasoma Kiarabu?"

Saumu, unanijua. Madrasa ya Msambweni hapakuwa na msichana wa kunishinda kwa kisomo. Nilisomeshwa mbele ya watu kwenye maulidi. Nikanyanyua mkono. Nikapewa karatasi. Juu kabisa imeandikwa Bismillahi, na moyo wangu ukatulia kama umefika nyumbani. Nikaanza kusoma kwa sauti. Maandishi hayakuwa na irabu kama ya msahafu, kwa hiyo nikawa nazikisia, lakini nilizikisia kwa tajwidi, navuta panapovutwa, nasimama panaposimamwa. Nilisoma masharti ya kazi kama mtu anayesoma sura. Karani akasema, "Mashallah." Msichana mmoja wa Kinango aliyeitwa Umazi, aliyekaa karibu nami, akaninong'oneza, "Dada, imesema nini hapo?"

Nikamwambia, "Imeanza kwa jina la Mungu. Ni heri."

Umazi akatia saini. Waliokuwa nyuma yake nao wakatia.

Mwanangu, sikuwa nimeelewa hata sentensi moja. Nilijua kuitamka lugha ile tangu nikiwa na meno ya utotoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake, nami sikuwahi kuuliza. Mtu asiyejua kusoma angeogopa, na hofu ingemsaidia. Mimi sikuogopa kwa sababu nilijua kusoma.

Nilichokisoma kwa sauti nzuri namna ile nilikijua baadaye, jikoni, katika mji nilikopelekwa kule Saudia. Niliambiwa ni nyumba moja. Baada ya muda mama mwenye nyumba akanitaka kila nikimaliza kwake niende kwa mama mkwe wake, nikafanye yote upya. Nikakataa. Kufikia hapo nilikuwa nimeokota Kiarabu cha jikoni: leta, pangusa, haraka, siyo hivyo. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akarudi na ile karatasi, akaweka kidole juu ya mstari, akanisomea polepole kama mwalimu. Nyumba ya mwajiri na jamaa zake. Pasipoti itunzwe na mwajiri. Kuvunja mkataba ni juu ya mfanyakazi. Kisha akashusha kidole mpaka kwenye saini yangu, akanitazama, kama anayesema: si wewe huyu?

Pengine na yeye alishangaa. Alikuwa ameambiwa amepelekewa msichana anayejua Kiarabu.

Nyumba ya pili, ile ya mama mkwe, ilikuwa na mfanyakazi mwingine, Mfilipino aitwaye Marisel. Mtu mfupi, mcheshi, aliyekuwa akiimba akikaanga vitunguu. Tukawa tunafanya kazi moja: yeye anaosha, mimi nafuta, mimi napiga pasi, yeye anakunja. Siku moja tukaambiana mishahara. Wake ulikuwa mbali sana juu ya wangu. Nikadhani sikumsikia vizuri. Nikamuuliza, "Wewe unafanya kazi gani nisiyoifanya mimi?" Akasema, "Hakuna. Serikali yetu ilisema, chini ya kiasi hiki hapana msichana wetu atakayepanda ndege. Yenu ilisema kiasi gani?"

Nikamwambia sijui kama ilisema chochote.

"Basi," akasema Marisel, "ndiyo maana."

Tangu siku hiyo simwamini mtu anayesema mshahara ni malipo ya kazi. Katika nyumba ile mshahara ulikuwa malipo ya pasipoti. Mfilipino bei yake, Mhindi bei yake, Mhabeshi bei yake, na sisi wa pwani na bara ya Afrika tukiwa mwisho wa foleni. Sufuria haikujua nani anaisugua.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inaishia, kwamba Marisel ana bahati na mimi sina. Lakini mkataba wake ulipokwisha, hawakumpa mwingine. Mama mwenye nyumba aliniambia huku akifurahi, kana kwamba ananipa habari njema: watachukua msichana mwingine kutoka kwetu, Mkenya ni nafuu. Marisel alifunga mizigo yake bila kuimba. Mlangoni alinikumbatia, akanambia, "Si kosa lako." Ukiona mtu anakwambia si kosa lako kabla hujauliza, ujue amelifikiria. Mimi ndiye niliyemtoa, mwanangu. Si kwa uhodari. Kwa urahisi wangu.

Ndiyo maana nakutazama kwa ukali kila ukisema pamoja na wenzako kwamba wabara wamekuja Ukunda kumaliza kazi zetu. Nimewahi kuwa mbara wa watu. Kevo anakubali malipo ambayo kijana wa Diani angeyatemea mate, ni kweli. Lakini siye anayepanga malipo. Wanaoyapanga wanapenda sana sisi tukimtazama Kevo.

Nilirudi mkataba ulipokwisha. Wewe ulikuwa nyuma ya bibi yako pale Msambweni, umeshika leso yake kwa mikono miwili. Bibi akakusukuma mbele. "Mwamkie mama." Ukasema, "Shikamoo shangazi." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikakupa peremende. Usiku sikulia, nilikuwa nimechoka. Nililia baadaye, siku nyingine, kwa sababu ya jambo dogo ambalo hata silikumbuki.

Na Umazi? Nilimwogopa Umazi kuliko nilivyowaogopa waajiri. Nilikaa muda mrefu bila kupanda Kinango. Mwishowe nikaenda siku ya mnada wa mifugo, nikamkuta anauza uji na maharagwe pembeni ya zizi, amenenepa, ana kovu la mafuta ya moto mkononi. Alinitambua mara moja. Akawageukia wanawake wenzake, akapaza sauti: "Mwaona huyu? Huyu ndiye mwalimu wetu wa Kiarabu! Alitusomea mkataba mpaka tukataka kuitikia amina!" Wakaangua kicheko. Nami nimesimama na kikapu changu, jasho linanitoka. Kisha akanivuta kando, akanikalisha, akanipa uji. Nikamwambia, "Umazi, nilikwambia ni heri." Akanitazama kidogo. "Ulisema. Na mimi nilikuamini kwa sababu ulisoma vizuri. Sasa kunywa, uji unapoa."

Hakuniambia amenisamehe. Sikumwomba aseme. Lakini aliniambia jambo moja ambalo nakupa wewe. Alisema kwamba wale wasichana waliopata shida zaidi si wale waliopata waajiri wakali. Ni wale ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua wako nyumba gani. Mwajiri akijua kuna mtu anayejua, hata kama mtu huyo ni mwanamke wa kijijini asiye na nguvu yoyote, mkono wake hupungua uzito.

Sasa Katari. Nimeuliza, sikukaa bure. Nimewauliza waliorudi, nimemuuliza mwanamke wa chama cha wafanyakazi aliyekuja hotelini, akafukuzwa kwa adabu getini nami nikamfuata nje. Wanasema kule sheria imebadilika: mtu anaweza kuhama mwajiri bila kuomba ruhusa yake, na kiwango cha chini cha mshahara hakiangalii pasipoti, na mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti yako. Nilifurahi niliposikia, nilimkumbuka Marisel. Kisha nikarudi katika tabia yangu ya kutia shaka. Sheria ni mlango mzuri, lakini nani atamfungulia mlango msichana ambaye simu yake iko kabatini kwa bosi? Usiikatae sheria hiyo. Ijue kwa moyo, uitaje kwa upole ukihitaji. Ila usiilalie kama mto.

Na hapa ndipo pananinyima usingizi. Yule mwanamke wa chama aliniambia hivi: "Mama, usiulize hoteli gani. Uliza kazi gani imeandikwa kwenye viza." Nikamuuliza tofauti ni nini, si atatandika vitanda tu? Akasema vitanda vya hoteli viko chini ya sheria ya kazi ya nchi ile, na vitanda vya nyumba ya mtu viko chini ya sheria nyingine, nyembamba zaidi, na mkaguzi wa kazi hawezi kubisha hodi sebuleni kwa mtu kama anavyoingia hotelini. Mikono ni ileile, shuka ni lilelile. Neno moja tu kwenye viza linaamua ni nani ataruhusiwa kuja kukuona ukilia. Na wapo waliotoka hapa wakijiita watu wa hoteli, wakafika kule wakakuta wameandikwa watumishi wa nyumbani.

Hili ndilo nataka kulijua kabla hujaondoka, Saumu. Hili moja. Nimempigia Bi Rukia simu mara tatu juzi na jana. Mara ya kwanza alisema viza ziko kwa wakala Nairobi. Mara ya pili alisema ziko njiani. Mara ya tatu akasema, "Mama Saumu, wewe mbona una wasiwasi wa shetani? Wenzako wanawafungia watoto wao mizigo kwa dua." Nikamjibu nimekwisha kufunga kwa dua, sasa nataka kufunga kwa karatasi. Akakata.

Redioni wanatangaza kazi za nje kila asubuhi kana kwamba mvua imeingia. Wakubwa wanapiga makofi. Mimi nchi inayoshangilia watoto wake wakiondoka naitazama kwa jicho la pembeni. Machimbo ya mchanga wa madini yalipofungwa hapa Kwale wanaume walirudi nyumbani na viatu vyao vya kazi, wakakaa barazani wanavipaka dawa ya viatu. Wangapi walitafutiwa kazi nyingine hapahapa? Ni rahisi kumpa mtu pasipoti kuliko kumjengea kiwanda. Halafu akituma chochote, tunaambiwa uchumi umekua.

Zamani nilipokuwa nikisafisha vyumba, kabla ya kupelekwa dobi, mzee mmoja Mjerumani alikuwa akija kila mwaka, anajua Kiswahili cha kuchekesha. Aliniambia kwao mtu akikosa kazi hulipwa mpaka apate nyingine. Nikamuuliza, "Bure?" Akasema, "Si bure. Alikuwa akikatwa mshahara kidogo alipokuwa na kazi." Nikaona hilo ni jambo la akili. Nikamuuliza tena, "Na kule kwenu vyumba vya hoteli husafishwa na nani?" Mzee akakuna kidevu, akatabasamu. "Wengi wametoka nje." Basi nikaendelea kutandika. Kila nchi ina kazi ambayo watu wake hawaitaki kwa bei ile, na kila nchi ina mtu wa mbali wa kuitiwa. Usione haya kuwa huyo mtu wa mbali. Ona haya kuitwa usijue unaitiwa nini.

Najua utasema, mama, nikikosa ndege hii sipati nyingine. Bi Rukia amekwisha kukuingiza hilo kichwani, nimekusikia ukimwambia shoga yako. Kuna nafasi ambazo hukimbizwa ili usipate muda wa kuzisoma. Hoteli ya kweli inayohitaji mtu wa kutandika vitanda itaendelea kuhitaji watandikaji mwezi ujao. Na ukirudi hapa kesho mchana na sanduku lako, watu watasema. Waache. Nimesemwa kwa kuzaa mapema, nimesemwa kwa kwenda Saudia, nimesemwa kwa kurudi. Maneno ya watu hayajawahi kunishikia pasipoti.

Nimepanga hivi. Mjomba wako Hamisi atakuvusha feri kwa tuktuk yake na kukupeleka mpaka uwanja wa ndege. Hatakushusha akaondoka. Atakaa nje, na nimemwambia asikubali kuondoka mpaka nimpigie mimi, si wewe, si Bi Rukia. Alininung'unikia kwamba atapoteza abiria wa asubuhi. Nikamwambia, "Kaka, wapoteze." Ustadhi Mbwana wa Ukunda, yule aliyesoma Madina na anayeielewa lugha na si kuitamka tu kama mimi, amekubali kukaa na simu mkononi tangu alfajiri. Mimi nitakuwa dobi, simu ndani ya aproni, na Kevo ameapa kunikingia mlangoni msimamizi akipita.

Sikuombi unitumie pesa, wala mwezi huu wala mwezi wa kwanza wa mshahara. Nitakachokihitaji ni hiki, na nakihitaji kabla hujapita ule mlango ambao wasindikizaji hawaruhusiwi kuupita.

Picha ya viza yako, ile sehemu iliyoandikwa kazi, ipigwe karibu, mwanga ukiwa mzuri, herufi zisomeke.

Picha za mkataba, kurasa zote, mbele na nyuma, hata ule ukurasa unaoonekana mtupu. Upande wa Kiarabu kwanza.

Jina kamili la mwajiri, mji, na namba ya simu ya kule, si ya Bi Rukia.

Jina la msichana mmoja mnayesafiri naye, na namba ya mama yake.

Sauti yako, si maandishi. Uniambie kwa maneno yako mwenyewe unakwenda kufanya kazi gani, kwa nani, na mkataba ukiisha unarudi vipi. Ukikwama katikati nitasikia.

Na kama wakikwambia karatasi utazikuta mbele, nitumie neno moja tu: narudi. Hilo ndilo la mwisho ninalolihitaji, na sitakuuliza kitu.